Pasipoti Mbili za Marjan

Jinja, 4 Agosti 2013

Dada Zaituni,

Salaam nyingi zikufikie hapo Namatala, wewe na binti yako Ramula na yule kuku wako mwenye jicho moja anayejiona jogoo. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu unanikata kabla sijafika penye utamu. Karatasi haina kidude cha kukata. Anayeileta ni Enos Odero, yule dereva Mkenya wa trela anayepumzika Malukhu. Mpe chai, ila usimpe nafasi ya kuanza habari za mpira, utafunga biashara.

Dada, nimevuka tena na Fuso yangu ya mayai. Nataka nikueleze ninavyovuka, maana hapa gerejini Jinja nimeeleza mpaka wananikimbia, na wewe ndugu yangu hujasikia hata mara moja.

Nafika mpakani, Elegu. Kwa ofisa wa Uganda natoa pasipoti ya Uganda. Anagonga muhuri: huyu ametoka. Naendesha kidogo, nafika Nimule upande wa pili. Ile ya Uganda naiweka mfuko wa kulia, natoa ya Sudan Kusini mfuko wa kushoto. Wageni wote wamepanga mstari wa viza wanatoka jasho: mameneja wa Kampala, Wazungu wenye kofia, profesa mmoja wa miwani mbili. Mimi, Marjan wa darasa la tano, nasimama mstari wa wenyeji. Afande anasoma jina langu, jina la baba, jina la babu, ananiangalia usoni, anasema, "Karibu nyumbani."

Unanijua mdomo wangu haujawahi kuomba likizo. Siku ya kwanza nilipoambiwa hivyo uliiomba. Nilisimama tu kama mtu aliyemwagiwa maji.

Na kati ya ofisi hizi mbili kuna kipande kidogo cha barabara. Umeshatoka huku, hujaingia kule. Mara moja nilisimamisha gari hapo makusudi nikajiangalia mikono. Hapo mimi ni wa nani? Mikono ilikuwa ileile, grisi chini ya kucha.

Sasa Juba yenyewe. Ile lugha ya jikoni kwetu, aliyotutukania habuba, bibi yetu, tukiiba nyama, tuliyodhani ni ya Wanubi wenzetu wa Bombo na msikiti wetu basi, kule ni lugha ya soko zima. Polisi anakamatia wezi kwa lugha ya habuba. Mwanamke anakosana na muuza nyanya kwa lugha ya habuba. Niliposhuka mara ya kwanza mtu akaniambia "Ita kef?", yaani hujambo, nikageuka haraka, nikafikiri ni bibi amefufuka anataka kujua nani kamaliza sukari.

Mimi nimefika Mombasa, nimefika Kigali, nimelala Goma. Hakuna mahali palinipiga kifuani hivi.

Sasa la muhimu. Ramula anataka kwenda Juba kushona. Kule mshonaji ni malkia. Niachie nimpeleke. Mjomba mwenye nchi mbili, mtoto atapotea wapi?

Ndugu yako wa kimataifa,
Marjan Rajab

*

Mbale, 11 Agosti 2013

Marjan,

Waaleikum salaam. Kuku ni mzima. Odero amekunywa vikombe vitatu na mpira ameuzungumza wote.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka chini ya sahani, nikaisoma tena nikiwa nimepoa. Sasa nisikilize, na wewe huna kidude cha kukata.

Mwaka 1979 ulikuwa na miaka saba. Serikali iliyosemekana ni ya Wanubi ilipoanguka, unakumbuka mabati yetu yakibebwa, kwa sababu wewe ni mtu wa vitu. Mimi nakumbuka maneno. Walisimama hapa hapa Namatala wakasema, "Wanubi, rudini kwenu Sudan." Baba alijibu, "Kwetu ni hapa. Nimezaliwa hapa, mama yangu amezikwa hapa." Alijibu hivyo mara nyingi, bila kupandisha sauti, mpaka walipomchukua.

Sasa mwanawe amefunga safari mwenyewe, akalipa nauli mwenyewe, akapiga picha akitabasamu, kwenda kuwatafutia wale watu ushahidi kwamba walisema kweli. Halafu anaweka ushahidi huo mfuko wa kushoto na kuuonyesha gerejini.

Hilo nimelisema, limetoka.

Ramula ni mtu mzima, amekwisha kufunga cherehani yake kwa kamba. Nikimkataza atakwenda bila baraka. Kwa hiyo namruhusu, lakini aingie huko kwa karatasi ya Uganda, kama mgeni, na alipie viza yake kama mgeni. Na wewe unayempeleka ndiye utakayemrudisha. Sitamdai mtu mwingine. Nitakudai wewe.

Dada yako,
Zaituni

*

Jinja, 2 Oktoba 2013

Dada,

Mzigo umefika salama na haujavunjika, mayai ndiyo yalivunjika. Ramula amekaa Malakia, mtaa wa Waislamu wa zamani, ndani ya ua wa mama mmoja anaitwa Mariat. Mzee, mjane, watoto wake wote walikufa vita vile vya kwanza. Anauza chai na magoti yake ni mabovu. Ramula ameshaanza kumwita habuba, na habuba ameshaanza kumgombeza kuhusu urefu wa sketi. Kwa hiyo kila kitu kiko sawa.

Kuhusu maneno yako ya baba: sikuyajibu kwa sababu hayana jibu. Ila nakwambia, mtu mwenye nyumba mbili hajaikana hata moja. Nikisimama Juba sijisikii nimetoka Uganda. Najisikia kama nimeona nyuma ya kioo, pale kilipopigiliwa ukutani.

Umesema utanidai mimi. Nidai. Marjan hajawahi kushindwa kurudisha kitu alichokipeleka, isipokuwa ile baiskeli ya shehe, na ile ilikuwa imeoza.

Marjan

*

Mbale, 19 Desemba 2013

Marjan,

Simu ya Ramula haiiti tangu Jumapili. Redio inasema Juba wanauana nyumba kwa nyumba, na mtu anaulizwa kabila lake mlangoni.

Ulimpeleka. Mlete.

Zaituni

*

Jinja, 20 Desemba 2013

Dada,

Barua yako imenikuta nikiweka mafuta. Nimepakia trei za mayai, si kwa biashara. Mtu anayekwenda vitani mikono mitupu anaonekana mjinga au askari. Mwenye mayai anaonekana mjinga tu, na mjinga anapita.

Nakwambia ukweli ili usiseme nilificha. Wanasema jeshi letu limevuka kwenda kusaidia upande mmoja. Kwa hiyo nikikutana na upande huu nikatoa pasipoti ya Uganda, mimi ni shemeji. Nikikutana na upande ule, mimi ni adui. Nikitoa ya Sudan Kusini wataniuliza, "Mwananchi, bunduki yako iko wapi?" Hizi ndizo nchi mbili nilizojisifia. Ya kulia ina kaburi, ya kushoto ina kaburi.

Moja nimeiweka ndani ya kiatu, nyingine chini ya trei.

Namleta.

Marjan

*

Mbale, 9 Januari 2014

Marjan,

Barua hii nampa Odero. Amesema anajua ulipo, na hilo ndilo linalonikasirisha.

Mabasi yaliyokwenda kuwatoa Waganda Juba yamerudi. Nilikwenda mpaka Kampala na picha ya Ramula, nikamwonyesha kila aliyeshuka. Mwanamke mmoja wa Iganga alimtambua. Akasema, "Huyu alikuwa ameandikwa nasi. Alipanda, akakaa karibu nami, halafu akashuka." Nikamuuliza alishuka kwa nini. Akasema hakumsikia, aliona tu mwanamume mwenye kitambi akimshika mkono wanabishana.

Mwenye kitambi namjua.

Kisha jana Odero anakunywa chai yangu ananiambia, kwa upole, kama mtu anayeleta msiba, kwamba alipita Elegu akakuona kwenye mstari wa wakimbizi. Si wa Waganda, wa wakimbizi. Umemshika kiuno mwanamke aliyejifunika tobe, ile nguo ndefu ya Kisudani, mpaka pua, unamsemesha sikioni. Odero amesema, "Mama Ramula, mimi sipendi umbea, lakini walikuwa wamekaribiana sana."

Kwa hiyo nimeelewa. Mtoto wangu ameshuka basi la kumleta kwa mama yake kwa sababu mjomba wake ana harusi. Umepata nchi ya pili, ukaona haitoshi, ukataka na mke wa pili wa huko. Na umejiandikisha mkimbizi. Wewe, mtoto wa Rajab, uliyezaliwa kwenye chumba hiki ninachoandikia, umewaambia Waganda kwa mdomo wako mwenyewe kwamba wewe ni mtu wa Sudan.

Sikuulizi habari za mke wako. Nakuuliza swali moja. Ramula yuko wapi?

Zaituni

*

Kambini, wilaya ya Adjumani, 14 Januari 2014

Dada Zaituni,

Kabla ya yote: Ramula yuko hapa nami, hai, mzima, amekonda, anakoroga uji huku akinigombeza kuhusu kuni. Pumua kwanza. Nangoja.

Sasa kaa nikusimulie, na usikate.

Barabara ya kwenda Juba ile siku, dada, watu wote walikuwa wanakuja na mimi peke yangu naenda. Nimeona umati Mombasa wakati wa Idi, nimeona mazishi ya wakubwa. Sijawahi kuona nchi ikitembea. Wamebeba vitanda, mbuzi, vyerehani, wazee mgongoni. Mzee mmoja alikuwa amebeba mlango. Nyumba hana, mlango anao. Nilimsalimu, akajibu salaam yangu vizuri kabisa, kwa adabu, akaupokeza mlango bega la pili akaenda. Tangu hapo sikuweza kutania mpaka nimefika mjini, na unajua huo ni mwendo mrefu kwangu.

Nilifika Malakia. Ua wa mama Mariat umeungua nusu. Ramula alikuwa hai. Na alikuwa hai kwa sababu moja. Askari waliingia wakamuuliza kabila, yeye amefungua mdomo hana la kusema, maana aseme nini, Mnubi wa Mbale? Mama Mariat akasimama na magoti yake akasema, "Mjukuu wangu. Mnataka chai au mnataka kuniua bila chai?" Wakanywa. Wakaondoka na cherehani na mkoba wa Ramula wenye karatasi zake zote. Yeye wakamwacha.

Nikamchukua tukaenda kwenye mabasi. Nikatoa pasipoti ya Uganda, nikaapa huyu ni mtoto wa dada yangu, wakamwandika, akapanda, akakaa. Moyo wangu ukakaa naye. Ndipo akauliza kupitia dirishani, "Mjomba, habuba anapanda lipi?" Nikasema, "Mwanangu, hili ni la Waganda." Akasema, "Mimi nilipoulizwa kabila hakusema hii ni nyumba ya wenyeji." Akashuka. Hapo ndipo yule mama wa Iganga aliponiona namshika mkono. Nilikuwa namrudisha ndani, dada. Nilimvuta kweli. Ana nguvu kama zako.

Basi tukapanda Fuso wote watatu, na mayai yaliyobaki.

Njiani kuna vizuizi. Tulipita viwili kwa mayai. Cha tatu afande hakutaka mayai, alisema, "Kitambulisho." Sasa unajua pale gerejini mtu akiniuliza habari za pasipoti ninavyofanya. Natoa zote mbili, nazitandika juu ya boneti kama karata. Mkono wangu umezoea hivyo. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimezitoa zote mafichoni, maana kiatuni maji yaliingia na trei zilikuwa zimepungua. Akasema kitambulisho, mkono ukaenda wenyewe. Nikampa zote mbili.

Akafungua ya kwanza. Akafungua ya pili. Sura ileile. Akamwita mwenzake akamwambia, bila hasira, "Huyu ni watu wawili. Tumpige yupi?"

Mwenzake akasema, "Jasusi tu anakuwa watu wawili." Wakanishusha, wakanipigisha magoti pale kwenye vumbi. Mimi Marjan nilitafuta neno moja tu la kuchekesha, mojawapo ya yale elfu ninayotembea nayo, na ndani palikuwa pamefagiwa.

Nikasikia mlango wa Fuso. Mama Mariat anashuka. Unajua kwa magoti yale kushuka Fuso ni kazi ya kutwa. Wale askari walingoja ashuke, dada. Bunduki kichwani kwangu na wanamngoja bibi ashuke. Mmoja mpaka akampa mkono.

Akamwambia yule mkubwa, "Mama yako anajua uko hapa?"

Yule mkubwa akaangalia buti zake.

Bibi akasema, kwa ile lugha ya jikoni kwetu, neno kwa neno nilielewa: "Bibi yangu alikuwa na kaka, jina lake Dauda. Siku Waturuki walipotawala Sudan, askari walimchukua kwenda kusini. Bibi akaambiwa atarudi. Akangoja mpaka akafa. Mama yangu akangoja. Mimi nikangoja, mpaka mwaka juzi huyu mnene akaja kuniomba chai, akataja baba zake mpaka Dauda. Si jasusi. Huyu amechelewa tu. Sasa mwanangu unataka nianze kungoja upya?"

Dada, hayo ndiyo maneno aliyoyasema kwa karani wa uraia siku nilipopata ile pasipoti. Kwenye simu nilikuambia niliipata kwa ujanja wangu. Niliipata kwa sababu bibi huyuhuyu muuza chai alipigana na karani mpaka karani akaona haya.

Yule askari akazitazama pasipoti zangu, akazifunga, akazifuta vumbi kwa mkono wa shati, akanirudishia kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu Msahafu. Kisha akamsaidia bibi kupanda. Tumetoka hapo nikaendesha bila kusimama mpaka mto wa Nimule. Njiani nikahesabu. Miaka mia na zaidi, watu wanamngoja babu yetu. Sisi kule Mbale tunafukuzwa turudi tusikokujua, na kumbe huko kuna mtu kila siku anatazama barabara.

Tukafika Elegu. Ofisa kijana wa Uganda, mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akasema Waganda mlango huu, wakimbizi malori yale kwenda kambini. Mama Mariat hakuwa anaweza kusimama tena. Yule uliyeambiwa nimemshika kiuno ndiye yeye. Nimemshika ili asianguke, nampigia kelele sikioni kwa sababu hasikii. Mwambie Odero ana macho mazuri ila aende akapimwe akili.

Karani wa kuandika wakimbizi akamuuliza bibi uko na nani, akaonyesha, "Mjukuu wangu." Amezoea kusema hivyo vizuizini. Ramula akaandikwa kabla sijafungua mdomo. Mimi nikabaki na pasipoti mbili mkononi. Ofisa akaziona zote, akaniuliza, si kwa ukali, "Mzee, leo wewe ni nani?"

Mlango wa kulia ulikuwa unaelekea Jinja, kwa mke wangu, kwenye kitanda changu. Kushoto lori. Ningeingia kulia, bibi aliyemwokoa mtoto wetu angepandishwa lori na watu asiowajua.

Nikamwambia, "Leo mimi ni mtoto wake."

Ndivyo nilivyoandikwa mkimbizi, mimi niliyezaliwa Mbale. Fuso nikaiacha Elegu, nikapewa sufuria na blanketi. Niliyafikiria maneno yako ya baba nikiwa kwenye ule mstari, usidhani sikuyafikiria.

Sasa kuna kazi. Mkubwa wa kambi nimemweleza yote, alicheka, kisha akaacha kucheka. Mimi nina pasipoti, nitajifuta kwenye orodha. Bibi anaweza kuomba ruhusa akaishi kwa jamaa. Lakini Ramula hana karatasi, na kitabuni yeye ni mtu wa Juba. Hawamwachii kwa maneno yangu, maana mdomo wangu unaonekana ulivyo. Wanataka mama mzazi aje mwenyewe, na barua ya mwenyekiti wa LC, lile baraza la mtaa, kwamba mtoto ni wa hapo.

Njoo useme ni wako, dada. Mimi nimesema mpaka nimekauka.

Marjan

*

Mbale, 19 Januari 2014

Mdogo wangu,

Odero amekaa hapa ananingoja kama mtoto aliyevunja sahani. Nimemsamehe, kwa sababu ndiye atakayetupeleka.

Nimeisoma barua yako mpaka pale bibi aliposema "mjukuu wangu", nikashindwa kuendelea. Nikatoka nje nikasimama uani.

Unamkumbuka mama Nabalayo? Labda humkumbuki, ulikuwa umejificha ndani ya gunia la kahawa. Walipomaliza nyumba yetu walikuja kwake, hapo nyumba ya tatu, tulikokimbilia. Mama wa Kigisu, hakuwa ndugu yetu, alikuwa akigombana na mama kila wiki kwa ajili ya mbuzi. Alisimama mlangoni akasema, "Hawa ni wajukuu wangu." Mmoja akamwambia, "Bibi, mbona weusi hivi?" Akasema, "Walikwenda kulima Bukedi, jua la Bukedi hulijui?" Wakaondoka.

Miaka yote nimekumbuka waliosema rudini kwenu. Nimewashika kama mtu anayeshika kaa la moto ili asisahau kuwa linachoma. Huyu mama nilimzika, nikalia, nikamsahau. Sijui kwa nini moyo unatunza lile na kuliacha hili.

Mwenyekiti wa LC sasa ni mwanawe, Yekosofati. Nilikwenda kwake. Akachukua kalamu akaandika kwamba Ramula ni mzaliwa wa Namatala. Kuna sehemu ya kueleza unamfahamu vipi. Akaandika: "Mama yake alilala kitandani kwangu mwaka 1979, nami nikalala chini." Nikamwambia afute, watu watafikiri vibaya. Akasema hafuti, ndiyo kweli yenyewe, na kama hawaamini anakuja kuisema. Anavaa koti sasa. Anakuja nasi.

Mwambie Ramula nakuja. Mwambie yule mama asilipe mtu kumsukia nywele, nitamsuka mimi.

Zaituni

*

Jinja, 12 Februari 2014

Dada,

Niko nyumbani, mke wangu amenipima kwa macho akasema nimepungua, nikamwambia ndiyo mtindo wa Ulaya.

Tangu siku ile kambini sijakuandikia kwa sababu sikujua niandike nini. Nimekuona maisha yangu yote, sijakuona ukikimbia. Umetupa mkoba, umetupa viatu, Yekosofati anaokota nyuma. Ramula amesimama na mwiko. Mkubwa wa kambi hakuifungua hata barua. Alisema, "Hii haihitaji muhuri."

Ninachokumbuka zaidi ni baadaye, ulipopiga magoti mbele ya mama Mariat kumsalimu, akakushika uso kwa mikono miwili akautazama muda mrefu, upande huu, upande ule, kama mtu anayesoma. Kisha akakunong'oneza sikioni, na hujaniambia alisema nini. Sikuulizi. Nauliza.

Mmefika vipi? Ruhusa yake ilikubaliwa? Hapa gerejini wananiomba nitoe pasipoti, nawaambia zimelala, zimechoka.

Marjan

*

Mbale, 17 Februari 2014

Marjan,

Tumefika salama. Ruhusa ilikubaliwa, mama Mariat yuko kwangu.

Ulizoea kunisimulia maajabu, sasa sikiliza langu. Jana alikaa mlangoni anapepeta mchele, ananiambia niutupe ule niliopepeta mimi kwa kuwa una mawe, kwa ile lugha. Nilikuwa sijaambiwa hivyo tangu habuba afe. Nilisimama na ungo mkononi, mwanamke wa miaka arobaini na tano, naona raha kugombezwa.

Alichoniambia kambini ni hiki: "Una uso wa bibi yangu alipokuwa amekasirika." Basi.

Watu wa Namatala wamejaa uani kumtazama. Mzee mmoja, unamjua, alikuwepo 1979 na hakusimama upande wa mama Nabalayo. Alikunywa chai yangu, akafuta mdomo, akasema kwa sauti wote wasikie, "Zaituni, basi leo umekubali. Kumbe kweli kwenu ni Sudan."

Ramula akaacha kushona. Yekosofati akainuka, nikamwambia kaa.

Nilimkumbuka baba, na jibu lake, alivyolisema bila kupandisha sauti. Nikasema, "Mzee, kwangu ni hapa. Ingekuwa si hapa, huyu mama ningemkaribisha wapi?"

Akatafuta pa kuweka kikombe. Mama Mariat, ambaye hakuelewa hata neno, akakipokea, akakijaza tena, akampa. Akanywa. Angefanya nini?

Pasipoti yako ya pili sitaipenda kamwe, lakini usiitupe. Iweke pakavu.

Njoo Ijumaa baada ya swala, na uje na godoro jipya. Lile analolalia ni langu, nami siku hizi nalala chini.

Dada yako,
Zaituni